Mstari Uliorukwa

Jumanne, 4 Machi

Kitabu hiki ni cha sampuli. Wafungaji vitabu hutengeneza kimoja kabla ya kila kazi kubwa, kurasa tupu mwanzo hadi mwisho, ili waone mgongo utakaa vipi. Nimekiomba wakanipa. Miaka kumi na tisa nasahihisha maandishi ya watu wengine, acha na mimi nichafue karatasi.

Leo majibu yametoka. Mume wangu ndiye aliyekwenda hospitali kuyachukua, kwa kuwa mimi nimekabwa na kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na bosi anataka prufu zote, zile chapa za kusahihishia, kabla ya katikati ya Aprili. Alinifuata kiwandani saa ya chakula, koti limelowa, bahasha iko ndani ya mfuko wa nailoni. Mdomo wa bahasha ulikuwa na unyevunyevu wa gundi. Mvua hii haina adabu, inaingia hata palipofungwa.

Sikuweza kuisoma. Humu hakuna wa kunicheka, kwa hiyo naandika ukweli: niliikalia mikono nisiishike bahasha. Nikampa Kengele. "Nisomee," nikamwambia.

Kengele ni mwenzangu wa mezani, na jina hilo wapiga chapa walimpa kwa sababu ya sauti yake, maana akisoma huku, wao wanasikia kule kwenye mitambo. Kazi yetu ni hii: yeye anasoma muswada kwa sauti, pamoja na kila alama, mkato, nukta, aya mpya. Mimi nimeshika prufu, rula chini ya mstari na kalamu nyekundu mkononi, naangalia kama kilichochapwa ni kile kilichoandikwa. Ndiyo maana mimi wananiita Rula. Sheria ni mbili tu. Msomaji haruki kitu, hata kama anachosoma ni upuuzi. Na mshika prufu haamini sikio bila jicho. Kengele amenisomea mpaka barua za shule za binti yangu. Mume wangu hututania kwamba sisi ndio wenye ndoa, yeye ni mpangaji tu.

Akasoma: "Sampuli ya uvimbe wa titi la kushoto imechunguzwa, nukta. Zimeonekana seli zisizo za kawaida, nukta." Akakohoa kidogo, vumbi la karatasi. "Mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa saratani kwa hatua zinazofuata, nukta."

Lile neno lilinikata maini. Mume wangu akanishika bega. "Huo ni utaratibu tu," akasema. "Kila mwenye uvimbe wanampeleka kwake, hata kama ni jipu. Ni kuondoa wasiwasi." Akaichukua barua, akairudisha kwenye nailoni isilowe, akaondoka nayo.

Nikarudi kwenye hesabu. Mkulima ana mbuzi themanini na nne, anawagawia wanawe watatu sawasawa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Karatasi hazikauki, wino unakuja juu kwenye vidole.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu amenishughulikia nafasi kwa daktari bingwa: Alhamisi, tarehe 17 Aprili, saa tatu asubuhi. Nikahesabu kwa vidole, karibu wiki sita. Nikamwuliza mbona mbali hivyo. Akasema foleni ni ndefu, na kwamba lingekuwa jambo la haraka wangeniita haraka.

Hoja imenyooka. Yeye ni mpima ardhi, mambo yake yote yamenyooka. Nilijihisi mwepesi, nikapika huku naimba, na sauti yangu kila mtu anajua ilivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Binti yetu amepiga simu kutoka chuoni. Yuko mwaka wa mwisho, anasomea ufundi umeme, mitihani inaanza mwisho wa mwezi. Tumemwambia kuna uvimbe na kuna miadi, basi. Akaniambia, "Mama, andika maswali. Ukikaa mbele ya daktari akili inazima kama taa. Yaandike yote, hata ya kijinga."

Nimefungua ukurasa wa nyuma wa kitabu hiki. Swali la kwanza: Ni nini hasa? La pili: Nitaendelea kufanya kazi? La tatu la kijinga, siliandiki bado.

Mume wangu ameosha vyombo. Miaka ishirini na nne ya ndoa, leo ndiyo ninajua kwamba anajua sabuni inakaa wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kutwa. Mume wangu hakwenda kazini, anasema tumbo. Nilipotoka asubuhi nilimwacha amekaa mezani anaitazama saa ya ukutani. Niliporudi jioni alikuwa palepale. Chai niliyomwachia hakuigusa.

Jumanne, 18 Machi

Kengele ana jambo. Anasoma mstari mmoja mara mbili. Leo kausoma ule wa mkulima mwenye tangi la maji, akaurudia, nikamwambia, "Nimesikia, tangi linavuja, twende mbele." Akasema samahani, akaurudia tena. Kurasa tunazomaliza kabla ya chakula leo zimetuchukua mpaka saa nane. Na amenipisha kiti chake cha dirishani, kile ambacho tumekigombania tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nikamwuliza kama ameanza kuzeeka vibaya. Hakucheka.

Jumatano, 19 Machi

Kengele kaniletea uji wa kwenye chupa. Mume wangu kaosha vyombo tena.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejipapasa bafuni. Mwezi uliopita uvimbe ulikuwa kama punje ya mahindi. Sasa siyo punje. Nikajiambia ni mimi ninayeogopa, vidole vya mwoga hukuza kila kitu. Nikamwita mume wangu aushike, labda yeye atakuwa na kipimo cha haki. Aliweka mkono, akautoa mara moja kama ameshika pasi ya moto. "Uko vilevile," akasema. Hakuwa amegusa penyewe.

Swali la nne: Unakua? Ukikua, unakua kwa kasi gani?

Jumatano, 26 Machi

Mvua imevuja kwenye chumba cha wafungaji, vitabu mia mbili vya kuimba vimevimba. Wamevianika kwenye kamba kama nguo. Bosi anatembea chini yake mikono nyuma.

Jumatatu, 31 Machi

Mitihani ya binti imeanza. Mume wangu ameamka mapema kumpigia simu, akamtakia heri kwa sauti nyororo, kisha akaja kukaa kitandani miguuni pangu. "Wiki mbili tu," akasema. Nikamwuliza wiki mbili za nini. "Za mitihani," akasema. Lakini alikuwa ananitazama mimi.

Kazini aibu: sura ya tano imekwenda mtamboni bila ukurasa wa majibu. Wapiga chapa ndio waliogundua, siyo sisi. Kengele aliuruka ukurasa mzima wa muswada na mimi sikuona. Bosi akauliza, "Siku hizi mnasoma au mnaangaliana?" Nilingoja Kengele ajitetee kama kawaida yake, maana mdomo anao. Aliinamisha kichwa akaanza kulia. Kulia kwa ajili ya majibu ya hesabu! Nikampa kitambaa. Nikamwambia hata mimi nimechoka, ni mvua, ni kazi.

Sasa hivi naandika na ninajiuliza: kwa nini watu wote walio karibu yangu wanatembea kwa vidole vya miguu?

Jumatano, 2 Aprili

Hakuna jipya.

Jumatatu, 7 Aprili

Nitaandika polepole nisije nikaruka kitu.

Saa tano asubuhi nilipiga simu hospitali. Binti ndiye aliyenishauri, niulize nije na nini siku ya miadi. Namba niliipata kwenye cheti cha siku niliyochomwa sindano ya kutoa sampuli. Akapokea karani, mwanamke, sauti ya kuchoka lakini ya heshima. Nikamtajia namba ya faili. Nikasikia anapekua.

"Njoo na barua halisi ya majibu, mama, siyo nakala. Njoo na dawa zote unazotumia. Na mtu wa kukusindikiza, kwa sababu kuna mengi ya kusikia." Kisha akasema, "Hii ni ile ya tarehe kumi na tatu Machi mliyoomba isogezwe, siyo?"

Nikamwambia hapana, yangu ni moja tu, ya tarehe kumi na saba Aprili.

"Imesogezwa, mama. Imeandikwa hapa. Ameomba mume wa mgonjwa. Sababu, mgonjwa yuko safarini."

Mimi safarini. Tangu Januari safari yangu ndefu kuliko zote ni kutoka nyumbani hadi meza ya prufu. Nikamwuliza kama kuna nafasi ya karibu zaidi, kesho, keshokutwa, nitakaa hata kwenye ngazi. Akapekua tena. "Hakuna, mama. Ile ya Machi ndiyo ilikuwa ya haraka." Nadhani alielewa kitu. "Pole," akasema.

Nilimwambia bosi naumwa, jambo ambalo ni kweli. Kengele akauliza kuna nini. Nikachukua mkoba nikaondoka, wakati huo yeye nilikuwa bado sijamshuku.

Nyumbani nilianza na kabati. Hamna. Droo, hamna. Nikaikuta barua ndani ya lile bomba analowekea ramani zake, imeviringishwa katikati ya viwanja vya watu. Nikakaa mezani. Nikachukua rula, nikaiweka chini ya mstari wa kwanza, nikasoma kama ninavyosoma kazi ya mtu mwingine.

Sampuli ya uvimbe wa titi la kushoto imechunguzwa. Zimeonekana seli zisizo za kawaida. Seli hizo ni za saratani. Mgonjwa asicheleweshwe zaidi ya wiki mbili. Mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa saratani kwa hatua zinazofuata.

Kati ya "zisizo za kawaida" na "Mgonjwa aonwe" kuna sentensi mbili. Hapo ndipo Kengele alipokohoa. Miaka kumi na tisa namjua, anapopotea mahali kwenye ukurasa hukohoa kwanza ndipo atafute mstari. Nilisikia kikohozi nikasingizia vumbi. Na ile gundi mbichi kwenye bahasha, mimi mtu wa kiwanda cha vitabu, nikasingizia mvua.

Nimesalitiwa. Neno hilo nimelisahihisha mara nyingi katika hadithi za watu, sikujua lina uzito wa namna hii. Nilikaa pale mpaka mume wangu aliporudi, saa kumi na moja na nusu, akapangusa viatu, akaona barua, akaona rula.

"Umeisoma," akasema.

"Nimeisoma. Safari hii mwenyewe."

Akavuta kiti, hakukikalia. Akasema alitaka mtoto amalize mitihani kwa amani. Nikamwuliza mtoto ndiye mwenye uvimbe? Akasema, "Wewe hukumwona mama yangu." Nilimwona, lakini nikamwacha aseme. Walimwambia mama yake ugonjwa wake siku ya Jumatatu, akageukia ukutani, hakula tena, mwezi haukuisha. "Lile neno ndilo lililomuua," akasema. "Kabla ya kuambiwa alikuwa anatembea, anafua, anagombana na majirani. Sikutaka kukuona umegeukia ukuta. Nilikuwa nakulinda."

"Umenilinda na daktari," nikamwambia. "Ugonjwa uliuacha ukae na mimi, kitanda kimoja."

Akalia. Sijawahi kumwona analia, na nilingoja nimwonee huruma, sikumwonea. Nilikuwa nahesabu. Tarehe kumi na tatu Machi alikaa anaitazama saa. Saa ya miadi yangu ya kwanza ilipita mbele ya macho yake, na alijua ni yangu, na chai ikapoa.

"Na Kengele?" nikamwuliza.

Akapangusa uso kwa mkono. "Nilijua utampa yeye akusomee. Nilimsubiri getini kabla ya kuja kwako. Nilimwonyesha pa kuruka."

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kazini mapema. Kengele alipoingia nilikuwa nimeshaitandika barua juu ya meza, upande wake, na kwangu nakala niliyoiandika kwa mkono. Nikaweka rula.

"Tusome," nikamwambia.

Alijua. Akakaa bila hata kuvua koti. "Rula, ngoja nikueleze."

"Soma kwanza."

Akaanza vizuri. Alipofika kwenye "kawaida, nukta," akakohoa. Nikamwambia, "Chukua muda wako. Mstari upo hapohapo ulipouacha." Sauti yake, ile inayosikika mpaka kwenye mitambo, ilitoka ndogo mno. "Seli hizo ni za saratani, nukta. Mgonjwa asicheleweshwe zaidi ya wiki mbili, nukta." Akamaliza hadi mwisho. Nikatia alama ya kusahihishwa pembeni, kama inavyotakiwa.

Kisha akasema. Mume wangu alimshika mkono getini huku analia. Alimwambia ni siku mbili tatu tu, atanieleza mwenyewe nyumbani, taratibu. "Nilidhani amekuambia, Rula. Kisha nikaona hujui. Kila siku nikitaka kufungua mdomo, mdomo unakuwa mzito."

"Kila siku uliufungua, Kengele. Saa mbili mpaka saa kumi. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Nisamehe."

Ningempiga, wallahi. Badala yake nilimwambia jambo ambalo sikujua kwamba ninalo. Mume wangu ameniumiza sana, nikamwambia, lakini yeye ni mume, wanaume wanaogopa na wanafanya mambo ya hofu. Wewe nilikupa masikio yangu. Ningekupa barua ya kunyongwa kwangu ungesoma, nilikuwa na uhakika, na ungesoma na nukta. Sasa hata mbuzi wa mkulima sijui kama walikuwa themanini na nne.

Nimemwomba bosi anihamishie meza nyingine mpaka kitabu kiishe. Akauliza mmegombana? Nikamwambia hapana, tumemaliza kusoma.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imepungua, na mimi nilitaka inyeshe.

Alhamisi, 10 Aprili

Swali la tano: Wiki tano zimeniharibia nini? Nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika. Nimeliacha.

Ijumaa, 11 Aprili

Binti amemaliza mtihani wa mwisho na amefika nyumbani saa tisa, begi mgongoni, ananuka basi. Alikuwa anacheka. Baba yake akataka nimwache ale kwanza. Nikamwambia hapana, nyumba hii chakula kimeshautangulia ukweli sana.

Nikampa barua asome mwenyewe. Akasoma mara mbili, kisha akatazama tarehe, kisha akaniuliza kwa nini tulingoja. Nikamtazama baba yake.

"Ulikuwa na mitihani, mwanangu," baba yake akasema.

Binti alisimama. Huyu ndiye mtoto ambaye tangu utoto hapandishi sauti kwa baba yake. "Mmenifanya mimi ndiyo sababu? Baba, mtihani ningeurudia mwezi wa tisa. Mama ningemrudia wapi?"

Akaingia chumbani akafunga mlango. Baba yake alibaki na sahani mkononi.

Jumapili, 13 Aprili

Kengele amekuja, nikamwona kupitia pazia. Amesimama chini ya mwavuli karibu robo saa, hakugonga. Ameacha kitu mlangoni: rula mpya ya chuma. Nimeiweka juu ya kabati. Sijui niifanye nini.

Jumatano, 16 Aprili

Faili langu liko tayari. Barua halisi. Dawa za presha. Orodha ya magonjwa ya ukoo, niliyoipata kwa kumpigia simu shangazi na kumsikiliza saa nzima akinielezea goti lake. Maswali kumi na moja kwa mwandiko mkubwa. Binti atakuja kuandika majibu. Nimepiga pasi gauni la vifungo vya mbele ili nisihangaike kuvua.

Mume wangu amerekebisha mwavuli, ule wenye kijiti kilichovunjika, bila kuambiwa. Kisha akaja mlangoni akasimama. "Na mimi nije?"

Nilifikiri sana. Nimekaa siku tisa katika nyumba moja naye kama abiria wawili. Leo nilimtazama, mabega yameshuka, shati limefungwa vifungo upande, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule kijana aliyemzika mama yake. Labda nami ningeogopa. Labda akisikia daktari anasema, akasema na yeye ukweli mbele ya mtu mwingine, tutaanzia hapo. Nikamwambia, "Njoo."

Alishukuru kama nimempa zawadi. Na mimi nilipata nafuu, naikiri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua imekatika. Barabara zimekauka pembeni, katikati madimbwi.

Daktari bingwa ni mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, kucha fupi, miwani kwenye nywele. Chumba kina kitanda chembamba, pazia la kijani na saa isiyo na mshale wa sekunde. Tulikaa watatu, mimi katikati. Akaisoma barua kimya. Kisha akauliza swali ambalo kwenye orodha yangu halikuwepo, kwa sababu lilikuwa lake:

"Hii ni ya tarehe tatu Machi. Tulikupa nafasi ya tarehe kumi na tatu. Kwa nini tumepoteza wiki tano?"

Niligeuka kwa mume wangu. Nilimwachia mlango wazi kabisa, hata binti aliona, akaacha kuandika. Nilikuwa namwombea moyoni aseme, hata kwa neno moja.

Akasafisha koo. "Kazi, daktari," akasema. "Ana kazi nyingi sana kiwandani. Unawajua wanawake wa kazi, afya zao hawazijali."

Akatabasamu kidogo, yule mume mwenye subira na mke mkaidi.

Sijui kama nitaweza kuandika nilivyohisi. Ile ya kwanza nilikuwa nimeanza kuitafutia sababu: hofu, mama yake, ukuta. Hii haikuwa na mama wala ukuta. Alinitwika kosa lake mbele ya mtu anayeshika uhai wangu, na alinitwika mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, kiwiko kwa kiwiko.

"Daktari," nikasema, "hapo pana mstari umerukwa."

Nikamweleza. Sikupandisha sauti. Bahasha, gundi, getini, safari ambayo sikusafiri. Mume wangu alisema jina langu mara mbili kwa kunisihi, mimi nikaendelea. Nilipofika mwisho daktari alivua miwani kwenye nywele, akaishika mkononi.

"Mzee," akamwambia, "naomba utusubiri nje."

Akatoka. Mlango ulijifunga wenyewe taratibu.

Ndipo tukaanza. Akanipima, vidole vyake vilikwenda penyewe moja kwa moja wala havikukimbia. Nikamwuliza maswali yote kumi na moja. Kuna picha za kupiga wiki hii, kuna dawa ya kuanza, kuna upasuaji, mpangilio utategemea picha. Kazi nitafanya siku ninazoweza. Nikafika kwenye la tano. Wiki tano zimeniharibia nini?

"Sijui," akasema. "Huenda hazikubadilisha kitu. Huenda zimebadilisha. Picha zitatuambia kiasi, siyo yote. Nikisema sijui, ni kwa sababu sijui. Nikijua, utajua siku hiyohiyo."

Niliogopa sana. Lakini sikugeukia ukuta, na ukuta ulikuwepo, karibu kabisa.

Kabla ya kutoka karani alinipa fomu nihakiki. Pale penye "mtu wa kupewa taarifa" palikuwa na namba ya mume wangu, mwandiko wake uliopinda kulia. Nikatoa kalamu nyekundu mkobani. Nikapitisha mstari, nikaweka pembeni ile alama yetu ya kufuta, yenye mkia, nikaandika namba yangu. Karani akauliza ile alama ni ya nini. Binti akamwambia, "Ni kazi yake."

Huko koridoni Kengele alikuwa amekaa benchi la mwisho, koti lilelile. Sijui aliipata wapi tarehe. Hakuinuka. Nilipopita nilimgusa bega kwa mkono wenye faili, sikusimama. Hicho ndicho nilichonacho kwa leo.

Nyumbani tumefika saa kumi. Mume wangu aliweka maji ya chai, akayasahau, akarudi kukaa mbele yangu.

"Daktari amesema nini?"

Ningeweza kumwambia kwa kifupi, au kumwambia nusu, ile nusu nyepesi, kwa kumlinda. Nikafungua faili, nikatoa karatasi ya daktari, nikaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Ile ya chuma, kutoka juu ya kabati. Nikamsomea kwa sauti, pamoja na mikato na nukta, jina la ugonjwa, ukubwa wake alivyoupima leo, picha, dawa, upasuaji. Binti alisimama mlangoni anasikiliza. Kwenye "taarifa zote apewe mgonjwa mwenyewe" mume wangu akafunika uso.

"Basi, mke wangu," akasema. "Inatosha."

Nikamwambia umebaki mstari mmoja. Nikasogeza rula.

"Mgonjwa amechelewa wiki tano kwa sababu hakuambiwa," nikasoma, "nukta."